Homa ya Mafua na Chanjo Yake Kigoma-Ujiji: Mwongozo Kamili wa Kuhamasisha Mtaa Wenye Watu wa Asili Nyingi

Ukisimama sokoni Mwanga na kumwambia mtu kwamba kuna chanjo ya mafua, yaelekea atakutazama kwa huruma na kuendelea na safari yake. Katika Kiswahili chetu cha kila siku mafua ni pua kuchuruzika, chafya mbili tatu na kikombe cha chai ya tangawizi, na hakuna mwenye shughuli zake atakayepanga foleni kuchomwa sindano kwa ajili ya jambo hilo. Kwa sababu hiyo kazi ya kuhamasisha huanzia kwenye jina lenyewe, kabla hata ya kufikiria mabango na vipaza sauti.

Ugonjwa unaozungumzwa hapa ni homa ya mafua, ambayo husababishwa na virusi vya influenza, hasa vya aina ya A na B. Humshika mtu ghafla: asubuhi alikuwa mzima, jioni ana homa kali, kichwa kinamgonga, misuli inauma, anakohoa kikohozi kikavu, na uchovu wake unaweza kudumu wiki mbili au zaidi. Vijana wengi wenye afya hupona wenyewe ndani ya wiki moja. Kwa wengine ugonjwa hushuka kifuani ukawa nimonia, au ukaamsha pumu, ugonjwa wa moyo au kisukari kilichokuwa kimetulia. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu milioni 3 hadi 5 duniani huugua vibaya kwa homa hii, na kati ya 290,000 na 650,000 hufariki kwa matatizo ya upumuaji yanayotokana nayo. Hapa kwetu vifo vya namna hiyo mara nyingi huandikwa na kusimuliwa kwa jina la nimonia au la uzee, na ndiyo maana ugonjwa wenyewe umebaki bila sura mbele ya macho ya watu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenyeviti wa mitaa, viongozi wa misikiti na makanisa, walimu, na yeyote katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji anayetaka kuwasaidia majirani zake. Mji wetu una Waha, Wabembe, Wamanyema, Waswahili wa Ujiji wenye ukoo wa pwani, Warundi, Wakongo, wafanyabiashara wa asili ya Kiarabu na Kihindi, pamoja na watumishi waliohamishiwa kutoka kila pembe ya nchi. Tangazo moja haliwezi kuwafikia wote kwa uzito uleule. Katika miaka niliyoshiriki kazi ya kuelimisha jamii katika mitaa hii nimejifunza kwamba watu huiamini chanjo pale wanapoelezwa mapema, na kwa uwazi, mambo ambayo chanjo hiyo haiwezi kuyafanya. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya msingi huo.

Hatua ya kwanza: jua hali halisi ya chanjo kabla ya kumwita mtu

Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo zinazotolewa bure na Serikali, tofauti na chanjo za surua na rubela, polio, nimonia ya watoto au saratani ya mlango wa kizazi. Hupatikana kwa kununua katika baadhi ya hospitali na kliniki binafsi, hasa katika miji mikubwa. Anayehamasisha Kigoma anapaswa kulijua hilo na kulitamka mwanzoni, kwa sababu mama aliyezoea kumpeleka mwanawe kliniki bila kulipa atajiona amedanganywa akifika dirishani na kudaiwa fedha.

Niliwahi kushuhudia jambo hili likiharibika. Kituo kimoja kilitangaza zoezi la chanjo kabla shehena haijafika, wazee wakatoka Ujiji kwa bajaji kwa nauli yao wenyewe, wakakaa kwenye benchi hadi adhuhuri, kisha wakaambiwa warudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata dozi zilikuwapo lakini wazee hawakuwapo, na ilituchukua muda mrefu kurudisha heshima iliyopotea asubuhi ile moja.

Kwa hiyo anza na Ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa. Eleza unachotaka kufanya, omba ushauri na kibali, kisha ulizia ni kituo gani kinaweza kuagiza chanjo. Kituo hukubali kuagiza kwa urahisi zaidi kinapoonyeshwa orodha ya watu walio tayari, na hapo ndipo vikundi vya kuweka na kukopa, ushirika wa wavuvi na waajiri wanapokuwa na msaada mkubwa: kikundi cha watu arobaini kinaweza kuchanga kidogo kidogo kwa miezi mitatu na kuagiza pamoja, jambo ambalo mtu mmoja hawezi kulifanya peke yake. Wenye bima ya afya waulize mapema kama kifurushi chao kinagharimia chanjo hii, wala wasidhani tu kwamba inagharimiwa.

Suala la ubaridi halina mjadala. Chanjo hii hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, haipaswi kuganda, na iliyoganda haitumiki tena hata ikionekana safi. Kabla ya kuagiza, uliza kituo kina jokofu la chanjo na kipimajoto chake, na uulize kitafanya nini umeme ukikatika. Waeleze watu pia wasinunue kamwe chanjo inayouzwa kwenye begi au mtaani, hata ikiwa na kasha zuri, kwa kuwa chanjo halali husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na hutolewa katika kituo cha afya na mtaalamu aliyesajiliwa.

Kuhusu majira, virusi vya influenza hubadilika badilika, na ndiyo sababu chanjo hutengenezwa upya. Shirika la Afya Duniani hutoa mapendekezo mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari kwa ajili ya msimu wa kaskazini mwa dunia na mwezi Septemba kwa ajili ya kusini, na dozi huanza kupatikana takriban nusu mwaka baadaye. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuna msimu mmoja wa baridi ambao homa hii huufuata, bali huonekana miezi yote na kupanda vipindi fulani. Muulize mganga chanjo inayopatikana ni ya toleo lipi na tarehe yake ya kuisha ni ipi, kwa maana dozi ya mwaka uliopita haifai kununuliwa kwa sababu tu ni rahisi.

Hatua ya pili: amua nani atangulie

Dozi zitakuwa chache, na uchache huleta manung'uniko usipowekewa utaratibu unaoeleweka. Wanaopewa kipaumbele ni wajawazito, wazee, watoto kuanzia miezi 6, watu wenye pumu, kisukari, magonjwa ya moyo au figo, wanaoishi na Virusi vya UKIMWI, na wahudumu wa afya. Mimi huongeza wagonjwa wa selimundu, ambao familia nyingi za hapa zinawafahamu vyema, maana homa yoyote kwao huweza kuamsha maumivu makali.

Mjamzito anastahili maelezo ya pekee. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hawezi kupewa chanjo hii, lakini kinga anayoipata mama wakati wa ujauzito humfikia mtoto na kumlinda katika miezi yake ya kwanza. Mama akilielewa hilo, swali lake hubadilika. Haulizi tena kama sindano itamdhuru mtoto, anauliza ni lini aje.

Wahudumu wa afya nao wachanjwe mapema, tena kwa uwazi, kwa kuwa muuguzi akiulizwa, "Wewe umechanja?" akababaika, hakuna maelezo mengine yatakayosikilizwa siku hiyo.

Hatua ya tatu: usome mji wako

Chora ramani ya mtaa kwa mkono, kisha andika juu yake mahali watu wanapokutana, saa wanazokutana, na lugha wanayoitumia wakiwa wametulia. Kazi hii ndogo huokoa miezi ya kuhangaika.

Chukua wavuvi wa Kibirizi na Katonga. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa kuwasha taa, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mchana wanalala, na mtu mwenye busara hamwamshi mvuvi aliyerudi alfajiri ili amweleze habari za virusi. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, na mitumbwi mingi hukaa ufukweni siku kadhaa, wanaume wakishona nyavu na kutengeneza mashine. Siku hizo ndizo zako, kwa hiyo kalenda ya uhamasishaji wa wavuvi ipangwe kwa kutazama mwezi mbinguni. Vilevile Ziwa Tanganyika linapofungwa kwa ajili ya kupumzisha samaki, kama lilivyofungwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei 2024, wavuvi wengi huwa nyumbani na wana nafasi ya kusikiliza, ingawa mifuko yao ni mitupu, hivyo usiwaletee habari za kununua kitu bila kuwaletea na njia ya kuchangiana.

Akina mama wanaoanika dagaa wana ratiba yao. Alfajiri wananunua kwenye mitumbwi, asubuhi wanaanika, na ikifika saa nne au saa tano wanakaa kivulini wakiwafukuza ndege na kusubiri kugeuza. Mazungumzo ya dakika ishirini wakati huo yana thamani kuliko mkutano wa hadhara wa saa mbili. Wengi wao huvuta moshi wa kuni jikoni na vumbi la ufukweni kila siku, kwa hiyo kikohozi wamekizoea na hawakihesabu kuwa ugonjwa. Uliza kwanza habari za kifua chao, usikilize majibu, ndipo ueleze.

Ujiji ni mji wa baraza. Wanaume wazee hukaa chini ya miembe na kwenye vijiwe vya kahawa baada ya sala ya alasiri, na neno likipita hapo usiku huohuo linafika jikoni. Sokoni Mwanga watu hawakai, wanapita, kwa hiyo pale panafaa ujumbe mfupi na mahali pa kuelekezwa. Stesheni ya reli na bandari hukusanya wasafiri waliochoka na waliosongamana, nao ni hadhira nzuri ya maelezo ya kinga kuliko ya chanjo, kwani kesho watakuwa Tabora, Mpanda au Bujumbura.

Kuhusu lugha, Kiswahili kinatosha kwa wengi, lakini neno la ugonjwa si moja kwa wote. Waliokulia Congo na Burundi wengi huijua homa hii kwa jina la Kifaransa grippe, na Warundi husema ibicurane, neno ambalo kama mafua yetu hubeba pia ile homa ndogo ya pua. Bibi wa Kiha aliyekulia kijijini huenda akaelewa Kiswahili chote unachosema na bado akaamua jambo hilo kwa Kiha, nyumbani, pamoja na wanawe. Tafuta mtu wa kila lugha atakayeweza kujibu maswali kwa utulivu, wala usimtumie mtoto kuwa mkalimani wa habari za mwili wa mama yake.

Lipo jambo jingine linalohitaji uangalifu mkubwa. Katika mkoa wa mpakani kama wetu, wapo watu wanaoogopa meza yoyote yenye daftari na kalamu, kwa sababu swali la jina la babu na kijiji cha asili limewahi kuwaletea taabu. Uandikishaji wa chanjo uchukue jina, umri, mtaa na namba ya simu ikiwapo, basi. Usidai kitambulisho cha taifa pale ambapo huduma haikihitaji, na usimweke mtu mwenye sare ya ulinzi mlangoni. Kirusi hakiulizi uraia, na jirani asiyekingwa kwa hofu ya daftari ataukohoa ugonjwa katika daladala ileile tunayopanda sote.

Hatua ya nne: chagua watakaosema

Watu wa hapa wana kumbukumbu ya chanjo. Wanakumbuka matone ya polio yaliyopitishwa nyumba kwa nyumba katika kampeni za 2022 na 2023. Wanakumbuka kipindupindu cha 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa ufukweni Kagunga na meli ya Liemba ikawa inawasafirisha hadi Kigoma, na chanjo ya kipindupindu ya kunywa ikatolewa kambini Nyarugusu. Wanakumbuka pia mabishano ya UVIKO-19, kimya cha mwanzo na kampeni iliyofuata kuanzia Julai 2021. Anayehamasisha akijifanya historia hiyo haipo, wasikilizaji watamkumbusha. Ni bora aianze mwenyewe, akikiri kwamba watu walichanganyikiwa na kwamba maswali yao yalikuwa halali.

Ujiji kuna mashahidi ambao mara nyingi hatuwatumii, nao ni mahujaji. Saudi Arabia huwapendekezea mahujaji chanjo ya homa ya mafua, mbali na chanjo ya homa ya uti wa mgongo ambayo ni ya lazima. Alhaji au hajjat aliyechanjwa kabla ya safari, akakaa Makka katika umati wa watu wa dunia nzima na kurudi salama, akisimulia barazani, anafanya kazi ambayo kipeperushi hakiwezi. Muombe asimulie ukweli wake wote, pamoja na mkono uliouma.

Wachungaji, mapadri na maimamu waombwe wiki mbili kabla, wapewe maelezo wayasome, na waachiwe nafasi ya kuuliza faraghani. Wakunga wa jadi, mafundi cherehani, wasusi na wauza maduka ya dawa nao waalikwe, kwa kuwa mwenye kikohozi humwendea muuza duka la dawa siku nyingi kabla ya kumwona daktari.

Hatua ya tano: zungumza, na ujibu kwa ukweli

Mazungumzo yanayokwenda vizuri huwa na sura ya namna hii. Kijana mhudumu amefika kwa bibi mwenye pumu, ameketi mkekani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Za huko utokako?"

"Njema, bibi. Nimesikia mwaka jana kifua kilikushika sana, pole."

"Ahsante, mwanangu. Nililala siku kumi. Nilidhani ndiyo safari yenyewe."

"Wewe mwenyewe uliona kilianza na nini?"

Bibi akianza kusimulia, kijana anyamaze. Atakapofika mwisho, ataulizwa, "Ungependa nikueleze habari za chanjo inayopunguza hatari ya homa ya namna ile?" Akikataa leo, kijana amshukuru na kumuuliza kama anaweza kurudi. Nimeona wengi waliokataa mara ya kwanza wakaja wenyewe mara ya tatu, na sijaona hata mmoja aliyeaibishwa mbele ya wajukuu akabadili msimamo.

Maswali hurudiarudia, na majibu yake yawe yamekaa sawa kichwani.

"Nikichanja sitapata mafua tena?" Utapata. Chanjo hailindi dhidi ya mafua ya kawaida, ambayo yana virusi vyake vingine vingi. Inapunguza hatari ya homa ya mafua ile kali. Hata hiyo haiizuii kabisa: katika misimu ambayo chanjo imelingana vyema na virusi vinavyozunguka, tafiti huonyesha inapunguza uwezekano wa kuugua hadi kuhitaji daktari kwa kati ya asilimia 40 na 60, na wanaougua licha ya kuchanjwa mara nyingi huugua kwa wepesi zaidi. Najua wapo wanaohofia kwamba takwimu hiyo itawakatisha watu tamaa. Uzoefu wangu ni kinyume chake, kwa sababu mvuvi anaelewa maana ya kupunguza hatari: koti la kuokolea halizuii dhoruba, na bado mwenye akili hulivaa.

"Sindano itanipa ugonjwa wenyewe?" Haiwezi. Chanjo ya sindano ina virusi vilivyouawa au vipande vyake tu. Mkono unaweza kuuma, na kwa siku moja au mbili mtu anaweza kusikia homa ndogo na uchovu. Kinga huchukua takriban wiki mbili kujengeka, kwa hiyo aliyeambukizwa siku chache kabla au baada ya sindano anaweza kuugua na kudhani chanjo ndiyo iliyomletea.

"Kwa nini kila mwaka?" Kwa sababu virusi hubadilika na kinga ya mwilini hupungua. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili zilizopishana angalau wiki nne, jambo linalopaswa kuhesabiwa katika bajeti ya familia tangu mwanzo.

"Ni halali?" Swali hili lina heshima yake, na lisijibiwe kwa haraka. Chanjo ya mafua ya kupulizwa puani ina jelatini ya nguruwe, ilhali nyingi za sindano hazina. Muombe mfamasia asome karatasi iliyo ndani ya kasha la chanjo mliyoagiza, umpelekee imamu majibu, na yeye ndiye azungumze na waumini wake. Katika mwezi wa Ramadhani wanazuoni wengi husema sindano isiyo ya lishe haimfunguzi aliyefunga, lakini kituo kikiweza kutoa huduma baada ya futari, anayeona shaka atakuwa na njia.

"Inafunga kizazi?" Hapana. Imekuwa ikitolewa kwa miongo mingi duniani, wakiwemo wajawazito, na inapendekezwa kwao kwa sababu ya usalama wake. Usicheke ukiulizwa. Mwanamke anayeuliza hivyo anaulinda uzazi wake, na anastahili jibu la dhati.

Asiyepaswa kuchanjwa atajwe pia: mtoto chini ya miezi 6, na mtu aliyewahi kupata mzio mkali baada ya dozi ya chanjo hii. Mwenye homa kali siku hiyo asubiri apone, na aliyewahi kupooza kwa ugonjwa wa neva aonane na daktari kwanza.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Panga viti kivulini, maji ya kunywa, na mlango tofauti wa kutokea. Wazee na wajawazito watangulie. Aliyechanjwa akae dakika 15 akiangaliwa, na mtaalamu awe na dawa ya kukabili mzio mkali mkononi, ingawa tukio hilo ni la nadra sana. Kila mtu apewe kadi yenye tarehe, jina la chanjo na namba ya toleo. Chanjo hii inaweza kutolewa siku moja na chanjo nyingine kwa sehemu tofauti ya mwili, kwa hiyo mama aliyemleta mtoto kliniki hahitaji nauli ya pili.

Hatua ya saba: kinga kwa wote, wakiwemo wasiopata sindano

Wengi mtaani hawatapata chanjo mwaka huu, na wasitolewe kwenye mazungumzo. Mgonjwa huanza kuambukiza siku moja hivi kabla ya kuona dalili, na huendelea kwa siku tano hadi saba baadaye, muda mrefu zaidi kwa watoto. Virusi husafiri kwa matone ya kikohozi na chafya, kwa hewa ya chumba kilichofungwa, na kwa mikono iliyogusa kamasi kisha ikagusa kitasa, simu au noti.

Tazama kijiwe cha kahawa. Vikombe ni kumi, wanywaji ni hamsini, na vikombe vyote husuuzwa katika ndoo moja ambayo maji yake hayabadilishwi hadi jioni. Sitaki mtu aache baraza yake, maana ndiyo roho ya Ujiji. Muuza kahawa tayari ana makaa na maji ya moto. Akitenga beseni moja la maji ya moto yenye sabuni na jingine la kusuuzia, akabadilisha maji kila baada ya muda, amewalinda wateja wake bila gharama kubwa. Jadilianeni naye kabla ya kumsema hadharani, na mteja wa kwanza kusifu vikombe safi awe mzee anayeheshimika kijiweni hapo.

Penye uhaba wa bomba, kibuyu chirizi kinatosha: dumu lenye tundu, kamba ya kukanyagia na kipande cha sabuni kilichotobolewa. Kiwekwe mlangoni mwa shule, msikiti, kanisa na mwalo wa dagaa, na ateuliwe mtu wa kukijaza, kwa kuwa vibuyu vingi nilivyoviona vikifa vilikufa kwa kukosa mjazaji. Mikono isuguliwe kwa sabuni sekunde 20. Kohoa kwenye kiwiko au kitambaa. Fungua madirisha ya darasa na ya daladala hata kama vumbi la kiangazi linaudhi. Mwenye homa abaki nyumbani hadi zipite saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha, na mwajiri anayemlazimisha mpishi mwenye homa aje kazini ajue kwamba wiki ijayo atakosa wapishi watatu.

Hatua ya nane: mgonjwa akiwa nyumbani

Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya malaria nchini, na hapa ndipo mwongozo wa homa ya mafua unapoweza kuua usipoandikwa kwa uangalifu. Homa yoyote ipimwe malaria kwa kipimo cha haraka kwenye zahanati, hata kama mgonjwa anakohoa na nyumba nzima ina mafua. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, dawa ya mseto isimezwe "kwa tahadhari", na antibayotiki nazo haziui virusi, zinafaa tu daktari akigundua maambukizi ya bakteria juu yake.

Mgonjwa apumzike, anywe maji, uji na supu, na apewe parasetamoli kulingana na umri na uzito. Mtoto au kijana asipewe aspirini, kwa sababu ikitumiwa wakati wa homa ya mafua inaweza kusababisha madhara ya nadra lakini mabaya sana kwenye ini na ubongo. Alale chumba chenye hewa, na anayemhudumia awe mmoja, avae barakoa ikipatikana.

Mpeleke kituo cha afya mara moja, na akizidiwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, ukiona anapumua kwa haraka au kwa shida, kifua cha mtoto kinabonyea ndani akivuta pumzi, midomo imebadilika rangi kuwa ya bluu, amechanganyikiwa, ana degedege, hanywi wala hanyonyi, au homa iliyokuwa imeshuka imerudi kwa nguvu pamoja na kikohozi kibaya zaidi. Mjamzito na mgonjwa wa selimundu wasisubiri dalili hizo zote. Kwa ushauri, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Hatua ya tisa: rudi

Baada ya siku tatu, mpigie au mtembelee kila aliyechanjwa umuulize mkono unaendeleaje. Baada ya mwezi, kaa na wenyeviti wa mitaa na wasemaji wako mkiwa na daftari, mwangalie ni mtaa gani haukuja na kwa nini: pengine saa ilikuwa ya sala, pengine bei, pengine neno moja lililosemwa vibaya. Waliokataa wasiandikwe majina kwenye orodha yoyote inayozungushwa. Wanakikundi waanze kuchanga kwa ajili ya mwaka unaofuata mapema, huku kumbukumbu ikiwa bado mbichi, na mweka hazina asome hesabu mbele ya wote kila kikao. Kadi za chanjo zihifadhiwe pamoja na kadi za kliniki, na tarehe ya dozi ijayo iandikwe kwa kalamu isiyofutika.